Jina Langu Lina Mwenyewe Kamsamba

Kitwe, Zambia
Jumapili, 25 Agosti 2024
Mwaka wa arobaini na tatu tangu niondoke nyumbani

Mdogo wangu mpendwa Eliza,

Kabla ya yote niambie habari za magoti yako. Ile dawa ya kuchua niliyokuachia imesaidia, au umeipa majirani kama kawaida yako? Na shemeji, kikohozi kimemwacha, au bado anaisingizia baridi ya Itumba? Mimi mwili ni mzima. Kilichonifanya nishike kalamu kiko moyoni.

Umenipigia simu mara nne tangu nirudi huku, na mara zote nne nimekwambia mtandao mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri. Nilikuwa na neno kubwa kuliko simu, nikashindwa kulipitisha. Unataka kujua nitahamia lini nyumbani kwa baba, nikae kwenye nafasi yangu kama mtoto wa kwanza. Nitakujibu. Lakini niache kwanza nikusimulie safari kuanzia pale tulipoagana, kwa maana yapo mengi ambayo hukuyaona, na lipo moja ulilolijua ukanificha.

Nilikwishakueleza nilivyoingia Tunduma. Niliiacha ina safu moja ya maduka na kizuizi cha mti barabarani. Nimeikuta mji usio na mwisho, malori yamepanga foleni mpaka huwezi kuona la mwisho. Vijana wa kubadilisha fedha walinizingira dirishani wakiniita babu: "Shikulu, kwacha hapa! Shikulu, usipite na njaa ya shilingi!" Lakini sikukwambia la afisa wa uhamiaji. Alifungua pasi yangu ya Zambia, akasema, "Karibu Tanzania, mzee. Ni mara yako ya kwanza?" Nikamwambia nimezaliwa Kamsamba. Akaigeuza pasi, akasema kwa upole kabisa, "Basi ni mara ya kwanza kwa pasi hii." Akanigongea siku tisini. Nilicheka, Eliza, nikaitia pasi mfukoni.

Asubuhi ile nilipoondoka kwako Itumba ulishika mlango wa gari ukasema, "Kaka, ukifika, lolote utakaloliona, ujue ile ni nyumba yako." Nikadhani unazungumzia paa lililooza.

Niliteremka milima ya Ileje mpaka Mpemba, nikaingia barabara kuu, na kwa kuwa nilikuwa peke yangu bila mtu wa kunihimiza, nikakata kona kwenda kuona kimondo. Unakumbuka baba alivyokuwa akitusimulia juu ya jiwe la chuma lililotoka mbinguni, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulitia machoni? Limelala shimoni mwake, jeusi, karibu urefu wa gari langu. Nililigusa, lilikuwa na joto la jua. Binti anayetembeza wageni aliniambia hakuna kabila la hapa lenye hadithi ya siku lilipoanguka. Watu walipofika walilikuta tayari lipo. Kisha akanitazama. "Mzee, umekuja peke yako kutoka Zambia? Unaendesha mwenyewe?" Nikamwambia wanangu wa Kitwe walinikataza, ndiyo maana nimeondoka wakiwa kazini. Akacheka sana.

Mlowo niliiacha saa tano. Mashamba ya kahawa yakaisha, barabara ikaanza kuteremka, na joto likaja kama tanuri lililofunguliwa. Nikauona mto Momba. Ng'ombe walinisimamisha mara tatu. Majaruba ya mpunga yalikuwa yamekwisha kuvunwa, mabua yamebaki. Nilikuwa nahesabu vilima na vyote vilikuwa mahali pake, nikafurahi kama mjinga.

Nyumbani sikukuta paa bovu. Nilikuta nyumba ya matofali, bati jipya, na mtu mzima wa miaka arobaini na kitu akitoka uani huku akifuta mikono kwenye suruali.

"Karibu, mzee wangu," akasema. "Wewe ndiye mgeni wa mdogo wangu Eliza? Alipiga simu akasema utapita."

Mdogo wangu Eliza. Nikamtazama. Wewe una miaka sitini, na yeye hajafika hamsini. Nikadhani ulimi umeteleza.

"Na wewe ni nani, mwanangu?"

"Mimi ndiye Jeremia Sikaonga. Mtoto wa kwanza wa nyumba hii."

Tulikuwa tumeshikana mikono. Sikuweza kuuachia mkono wake. Nikauliza, "Jeremia yupi?"

Akacheka, akidhani natania. "Ni mmoja tu, mzee. Yule wa kabla yangu alifia Kitwe."

Desturi yetu ya kurithisha jina si ngeni kwangu. Nilikuwa na miaka saba nilipoona mtoto wa jirani akikalishwa mkekani baada ya msiba, akapakwa unga kwenye paji la uso, akaitwa kwa jina la babu yake aliyekufa, kesho yake bibi akampa uji akisema, "Pokea, mume wangu." Nilicheka, nikachapwa na mama. Mrithi hamwakilishi marehemu. Mrithi ndiye yeye, na wote humwita hivyo. Nilikuwa nayajua haya. Ila sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuyakuta akiwa amesimama uani kwake, anahema.

Hapo akatoka mwanamke na kata ya maji. Alipiga goti mbele ya yule bwana, akasema, "Baba, maji ya mgeni." Eliza, alikuwa na paji la uso la mama. Alikuwa Tabitha binti yangu, niliyemwacha wa miaka miwili mikononi mwa mama na mwako, mama yake akiwa kaburini hajatimiza mwaka, nikaahidi kurudi baada ya misimu miwili. Sasa ana miaka arobaini na mitano, na anamwita baba mtu anayemzidi mwaka mmoja.

Nilikunywa yale maji.  Sijui ningekaa kimya mpaka lini kama asingepita mzee Sikazwe, mtani wetu, yule tuliyekuwa tukiiba naye miwa. Alisimama, akaegemea fimbo, akanizunguka kama anayekagua ng'ombe wa mnadani.

"Loo!" akasema. "Maiti amekuja na gari!"

Tabitha akaangusha kata.

"Wewe Jeremia, mshenzi mkubwa!" Sikazwe akaendelea, machozi yanamtoka na huku anacheka. "Tulikulilia siku tatu hapa, waliokuja wakatumalizia mahindi yote. Rudisha mahindi yetu!"

Yule bwana aliketi chini, palepale kwenye vumbi. Ndipo nikamtambua kwa sura ya baba yake: Festo, mtoto wa marehemu ndugu yetu Gideoni, niliyemwacha wa miaka mitatu.

Jioni, jua likiwa bado juu ya majaruba, walinieleza. Dereva mmoja alileta habari kwamba mtu wa Kamsamba amezikwa Kitwe, na barua zangu zilikuwa zimekoma miaka tisa. Siwezi kumlaumu dereva. Mgodini walitupunguza, nikaona haya kuandika kwamba sina kazi; baadaye nikaona haya ya kukaa kimya; na haya ya pili ilikuwa nzito kuliko ya kwanza. Wewe ulikuwa umeolewa Itumba tayari, lakini ulikuja kulia. Mama alikataa mwaka mzima. Halafu, kwa mikono yake mwenyewe, akamkalisha Festo mkekani, akiwa na miaka kumi na minane, akampa jina langu.

Aliishi naye miaka ishirini baada ya hapo. Festo alikuwa akimpeleka zahanati kwa baiskeli, amemfunga kwa kanga asianguke. Aliniambia mama alikuwa akimkaripia kwa makosa yangu: "Jeremia, ulinivunjia chungu ukasingizia mbuzi, unadhani nimesahau?" Naye Festo alikuwa akijibu, "Nisamehe, mama." Chungu kile nilikivunja mimi. Ameniombea msamaha, na amesamehewa, na mimi sikuwepo. Siku ya mazishi ya mama, yeye ndiye aliyetupa udongo wa kwanza.

"Sijui nikuiteje," akaniambia. "Lakini jina ni lako. Ukitaka, nitawaita wazee Jumatatu, nivuliwe."

"Ukivuliwa utakuwa nani?"

Alifikiri. "Festo, nadhani. Lakini hata mke wangu aliolewa na Jeremia."

Hakuwa na hila. Ningependa angekuwa nayo. Ningejua pa kupata hasira.

Tabitha alikuja baadaye, akakaa mbali kidogo, akinitazama viatu. "Mzee, mimi sikuchukii," akasema. "Nilikulilia nikiwa na miaka kumi na sita. Nilinyoa nywele, nikamaliza. Kesho kutwa watu wanatoka Chitete kumposa binti yangu Neema. Anampenda huyo kijana. Nakuomba kitu kimoja tu, usinivurugie."

Sikazwe akagonga fimbo chini akawaambia wote waliokuwepo, "Yaliyoonekana hapa ni ya mji huu. Anayetaka kuyatoa nje, aanze kunilipa mahindi."

Jumamosi wakaja. Nilikaa pembeni, karibu na mlango wa jiko, nimevaa kofia. Festo alikaa mkekani kama babu wa binti. Mshenga wao alikuwa mtu mwenye macho, Eliza, mnyonge wa mwili lakini sauti kama ya mhubiri. Aliweka jembe jipya la posa mbele ya Festo, akasema maneno yake, kisha kabla Festo hajanyoosha mkono, akanyanyua kidole.

"Samahanini wenyeji. Yule mzee pale mlangoni ana sura ya mji huu. Ni nani? Maana jembe likipokelewa na mdogo, na mkubwa yupo anatazama, halijapokelewa. Tutarudi nalo Chitete."

 Kuku walikuwa wakiparura nyuma ya jiko, nikawasikia. Neema alikuwa ndani na shangazi zake, na niliona pazia likitikisika. Tabitha hakunitazama. Festo alianza kuinuka mkekani, taratibu, magoti yakiachana na ukindu, na nikajua anachotaka kufanya: kunipisha nikae. Angefanya, mbele ya watu wote, na baada ya hapo kila ndoa aliyoiidhinisha kwa jina langu, kila aliyemzika na kila neno alilotoa vingekuwa vya mtu asiyekuwepo.

Nilisimama mimi kwanza.

"Mimi ni mgeni kutoka Kitwe," nikasema. "Nilifanya kazi na marehemu ndugu yao. Nimekuja kutoa pole niliyoichelewesha."

Mshenga alishusha kidole. "Watu wakiishi pamoja hufanana," akasema. "Basi karibu, mzee. Na huyo marehemu alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mvivu wa kuandika barua."

Watu wakacheka. Sikazwe alicheka mpaka akakohoa. Tabitha hakucheka. Festo aliketi tena, akapokea jembe kwa mikono miwili, na ndani shangazi wakapiga vigelegele.

Nimesoma vitabu vingi katika miaka yangu ya upweke, na nilidhani najua maneno yote ya mtu kujikana. Sikujua kwamba kinywa kinaweza kufanya hivyo kwa urahisi kiasi kile. Nilishika mwimo wa mlango. Mke wa Festo akaniletea kigoda, akanipa wali na kuku kama wanavyopewa wageni, na nilikula wote.

Jumapili niliondoka. Tabitha alinifungia mchele kwenye kiroba akauweka kiti cha mbele. Hakuniita baba. Alisema, "Uendeshe polepole." Nimeendesha polepole mpaka Kitwe.

Sasa jibu lako, mdogo wangu. Najua kwa nini ulinificha. Miezi mitano tangu dereva mwingine wa malori akupe namba yangu umekuwa ukipanga nisimame pale mwenyewe, ili asiwepo wa kunikataa. Hawakunikataa, na hilo ndilo linaloniamsha usiku hadi leo. Wangenipa kila kitu. Ningeuchukua mji mzima kutoka kwa mtu aliyeujenga, kwa kuwa tu nilizaliwa kabla yake. Nilikuwa nikifikiri kwamba nimeacha pengo nyumbani, na pengo hilo lina umbo langu, linaningoja. Mama alilijaza kwa mikono yake. Nani mimi hata nimtengue mama?

Usiwaambie watu wa Chitete, hata baada ya harusi. Siku ya harusi, mwezi wa kumi, nenda ukakae karibu na Festo, umwite kaka kama ulivyokuwa ukimwita miaka yote hii. Hukumkosea yeyote kwa kumwita hivyo. Mimi nimekusamehe, na nakuomba unisamehe kwa zile simu nne.

Nisalimie shemeji, mwambie nangoja ile kahawa aliyoniahidi. Msalimie binti yako mwalimu aliyenifulia shuka. Mke wa Festo aliyenipisha chumba chake mshukuru kwa niaba yangu, na mtani wetu Sikazwe mwambie mahindi yake yatakuja kwa basi. Neema mbusu, usimwambie ni kutoka kwa nani.

Wewe njoo Kitwe magoti yakikuruhusu, nitakupokea Nakonde, hapo mpakani. Kamsamba sitarudi.

Kaka yako