Siku Zenye Kisima Ilipumuzika

Moanda

Mama mupenzi,

Wabukire. Uko muzuri? Kifua ya nyanya Mukaka imepona? Mi niko muzima, na jana njo mara ya kwanza tangu wiki mbili nimelala bila kulia. Nitakuambia sababu, mais usisomee batu ya kanisa.

Unajua ndugu yako, Mujomba Paluku, anahesabu visima vya mafuta. Chini kule hakuna mutu anaona. Anakisia tu: jiwe linapitisha mafuta namna gani, lina ukubwa gani. Anaweka kisio mu ordinateur, ile kompyuta yake, inachora mustari: kama jiwe liko hivi, kisima ingetoa hivi. Pembeni kuko mustari ya mafuta yenye ilitoka kweli. Mistari ikiachana, anasahihisha kisio, anaanza tena, mupaka ilaliane.

Kazi yangu ilikuwa kukopia hesabu za kila siku kutoka mu cahier, ile daftari ya batumishi. Siku kumi na mbili zilikuwa wazi, hapana kitu. Unakumbuka masere, babikira wetu wa masomo kule Butembo: nafasi wazi ni zéro ku bulletin! Kuuliza nikaona haya. Donc nikajaza. Nikarudilia hesabu ya siku ya mbele, ile ilitangulia. Ilikuwa propre, safi sana.

Kumbe mistari ikakataa. Ku karatasi yangu mafuta ilitoka kila siku, na pression ya chini, ile nguvu inasukuma mafuta, ilikuwa inapanda. Ni kama kuchota maji mu mutungi, mutungi inazidi kujaa. Wiki mbili Mujomba anakisia, wapi! Chef akamuambia mbele ya bote: « Vieux, kama kisima inakushinda, rudia kwenu Butembo kuuza bitenge. » Na njia ya kwenu vita imefunga, tungeenda wapi? Mi niliyejua nikanyamaza. Unanijua, hata chumvi naogopa kuomba.

Jana asubui nikamuwekea chai, nikaangalia miguu yangu.

« Mujomba, zile siku kumi na mbili, ni mi nilizijaza. »

« Ulizijaza na nini? »

« Na… na ya siku ya mbele. Juu ikuwe propre. »

Nikasema njo mwisho wangu. Akacheka mupaka chai ikamutoka mu pua!

« We Kahindo! Zile siku vita ilifika hapa, we ulikuwa haujakuja. Batumishi bakafunga visima, bakakimbia; juu ya karatasi yako nikazani hii haikufungwa. Kumbe ilipumuzika! »

Akaweka zéro. Mara ya ine mistari ikalaliana. Akanieleza: kisima ikifungwa, pression inarudia polepole, na vile inarudia njo inaonyesha jiwe liko namna gani. Zile siku nilizificha njo alikuwa anatafuta.

Chef amemupa mukono. Tunabakia.

Mama, mu barua yako umeandika « tuko bien » ku kila mwezi. Mais pasta mwenye aliileta, neno ikamuponyoka: mulikimbia vita, mukaacha nyumba ya Bungulu, mukalala mu shamba. Usinijazie nafasi, mama. Niandikie zile siku.

Salimia Mukaka, Yaya Kambale fundi wa viatu, na mama mukubwa wa mikate kule Mulekera.

Wasingya, asante mama.

Mutoto wako,
Kahindo