BADILI: Neno la Zamda kwenye Mizani

Jumatatu, 3 Juni 1996

Leo nimetengeneza kompyuta! Mimi, niliyeishia darasa la tatu, shule ya Kilole.

Haya, uongo. Nimeifuta vumbi la mahindi kwa fulana kuukuu. Mimi mlinzi tu. Mwenye kompyuta ni Zamda, binti wa marehemu mdogo wangu, karani wa mizani hapa ghalani kwa tajiri. Zamani ushirika ulinunua mahindi kwa mizani ya kuning'iniza na ubishi. Sasa soko huria — lori zima linapanda mizani, kompyuta inatoa uzito wa lori tupu, yanabaki mahindi. Ubishi haujaenda popote.

Kasoro ni hii: fundi wa Dar aliweka uzito wa lori tupu la dereva Kuntai kwenye jina la dereva mwenzake Mbaruku, na wa Mbaruku kwa Kuntai. Akala pilau, akaondoka. Lori la Kuntai ndilo zito. Basi mahindi ya Handeni anayoleta Kuntai yananenepa, ya Makuyuni anayoleta Mbaruku yanakonda. Tajiri kamwambia Zamda: Ijumaa isipokuwa sawa, urudi kwenu ukalime.

Jumanne, 4 Juni

Kuandika namba upya kwa mkono, marufuku. Tajiri anaogopa wizi — anatujua. Zilizomo zibadilishane zenyewe.

Zamda ana kijitabu cha fundi. Lugha ya mashine inaitwa Fothi. Namba ukiichukua inapanda juu ya rundo. Inayotoka ni ya juu kabisa. Jina na @, maana yake chukua. Jina na !, maana yake weka. Hebu! Nimepiga hizo ! maisha yangu yote, sikuweka kitu.

Kaandika: KUNTAI @ MBARUKU @ MBARUKU ! KUNTAI !

Wapi! Kila namba imerudi kulekule. Kajaribu mara tatu. Akafuta jasho kwa ncha ya kanga. Au machozi. Sikuuliza.

Jumatano, 5 Juni

Usomi umeshindwa, utingo umeweza!

Nilimuuliza, mwanangu, umewahi kupakia lori? Akasema baba mkubwa, leo sina muda wa utani. Nikamwambia nimekuwa utingo miaka kumi na sita. Mzigo wa Handeni unatangulia kuingia, unalala chini. Wa Segera unapanda mwisho, juu. Ukifika Segera unashusha nini? Cha juu! Sasa wewe umepakia namba ya Kuntai, ukapandisha ya Mbaruku juu yake. Ya juu ni ya nani? Ya Mbaruku. Na umeishusha wapi? Kwa Mbaruku! Umeitembeza ukairudisha kwao. Ishushe kwa Kuntai.

Kafuta mstari wa jana. Halafu kaandika: KUNTAI @ MBARUKU @ KUNTAI ! MBARUKU !

Zimebadilishana! Kacheka hadi kakaa chini. Kaufunga mstari wote kwa neno moja, BADILI, asihangaike tena: ukiliandika, mashine inaurudia mstari wote. Kaniambia, baba mkubwa, nina deni lako.

Alhamisi, 6 Juni

Zamda kaenda kula. Kuntai kapita kunisalimu, kaniita mzee wa geti. Geti! Nikamwingiza ofisini, nikamwonyesha nani bingwa. Nikaandika BADILI kwa kidole kimoja. Nikabonyeza. Kuntai kasema, mbona haijalia? Nikamwambia vitu vya maana havilii.

Ijumaa, 7 Juni

Mbaruku kapima asubuhi. Mahindi yamekonda vilevile kama wiki iliyopita. Anapiga kelele: lori langu limebeba magunia au hewa? Wakulima wa Makuyuni wamejaa mlangoni. Tajiri yuko ndani na Zamda.

Nimekaa hapa na chai, kiatu kimoja mguuni, nikafikiri pole pole, kiutingo. Zilikuwa kinyume. Zamda akabadili, zikawa sawa. Mimi nikabadili zilizo sawa.

Lo!

Tajiri anauliza nani kagusa. Zamda anaapa hajagusa. Anaomba aandike tena hilo neno moja. Tajiri anasema usiguse, kwanza jina la aliyegusa. Zamda kageuka, kanitazama dirishani. Keshajua. Hajasema.

Nakuja, mwanangu, nitasema mwenyewe. Ila lile deni ulilosema juzi, unilipe sasa, dogo tu — usinitaje kabla sijapata kiatu cha pili.