Namba Moja Kwenye Karatasi ya Arobaini

Shangazi,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe.

Adabu inataka nianze na habari njema, lakini sina. Nina hasira. Katapila limeingia msituni kwetu. Limeanzia upande wa magharibi, kwenye ile mipingo tuliyoipaka rangi nyekundu ya mpaka mwaka wa mwisho ulipokuwa na nguvu za kutembea, na limefyeka hadi karibu na bwawa wanaloshukia ndovu kunywa maji. Wanasema ni shamba la ufuta la mwekezaji. Ndovu wamekosa njia yao, wakapita kwenye mihogo ya jirani yako Bi Zuhura na hawakubakisha hata shina moja. Sasa watu wanataka wapigwe risasi. Aliyewafungia njia anaitwa mwekezaji, wao ndio wakorofi.

Nilikwenda mjini Masoko, kwa afisa maliasili wa wilaya, kifua mbele kama ulivyonifundisha. Msitu wa hifadhi ya kijiji hautolewi na mwenyekiti wa kijiji wala mtendaji, unatolewa na mkutano mkuu wa kijiji peke yake. "Sheria hii tuikalie macho," ulikuwa ukisema, "tukisinzia wataichukua pamoja na mkeka." Nikamwambia afisa kwamba mkutano haujakaa. Akafungua faili. Muhtasari upo, tarehe yake ni wiki moja baada ya arobaini yako, wanakijiji wameridhia kutoa nusu ya msitu. Nyuma yake kuna mahudhurio, kurasa nne za majina na saini.

Namba moja ni wewe.

Na mwandiko ni wangu, shangazi. Karatasi ile niliijua palepale. Siku ya arobaini yako, khitma imekwisha na pilau linapakuliwa, mtendaji wa kijiji alinijia na uso wa mfiwa. "Katibu, waandikishe watu majina," akasema, "ofisi ibaki na kumbukumbu ya waliokuja kumuenzi mwenyekiti wa kamati ya maliasili." Nikapokea. Juu ya karatasi hapakuwa na kichwa cha habari. Nikaandika Somoe binti Mkumba namba moja, kwa sababu shughuli ilikuwa yako na sikuona vipi ianze na mtu mwingine. Nafasi yako ya saini nikaiacha wazi. Namba mbili nikajiandika mimi, nikasaini, kisha nikaizungusha kwenye mikeka. Watu walisaini kwa kuwa ni mimi niliyewaletea.

Kwenye pilau lako. Watu hawa hawana haya hata kidogo.

Wewe hukujua kusoma, na hukuweka dole gumba kwenye karatasi yoyote bila kunisumbua kwanza. "Nisomee juu, nisomee chini, ndipo ulete wino." Miaka yote nilidhani ni wasiwasi wa mtu asiyesoma. Kumbe mimi wa kidato cha nne ndiye niliyewapa msitu wako kwa kalamu ya bluu. Nililia mbele ya afisa, sikujali.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Ile nafasi niliyoiacha wazi haikuwapendeza, wakaijaza. Wamekutilia saini, shangazi, tena ya mbwembwe, ina mkia mrefu, ungedhani ya mkurugenzi. Wewe ambaye mihtasari yote ya kamati, tangu tulipopima msitu, umeiwekea dole. Kesho yake nilirudi Masoko na daftari la kamati na cheti chako cha kifo. Afisa akazilaza karatasi pamoja mezani, akalinganisha saini na dole, tarehe na tarehe. Kisha akaandika barua ya kusimamisha katapila. Mkutano mkuu, wa kweli safari hii, ni Jumatatu, na yeye mwenyewe atakuwepo.

Usifurahi bado. Mtendaji anapita nyumba kwa nyumba na ahadi za kisima na vibarua. Anawaambia watu kwamba aliyewasainisha ni mimi, na hilo ni kweli, ndiyo maana linaniuma. Jumatatu lazima nisimame nikiri hilo kwa mdomo wangu, mimi ambaye mikutanoni nilijificha nyuma yako nikiandika huku wewe ukisema. Wanaweza kunizomea. Wanaweza kuutoa msitu kwa hasira ya mihogo tu, na safari hiyo itakuwa halali, hapatakuwa na saini ya kubishia. Naogopa, shangazi.

Jana nilikwenda mpakani. Ule mninga mkubwa wa kona bado umesimama. Rangi imepauka, ila pembeni yake dole lako jekundu linaonekana, lile ulilobandika ukicheka kwamba na miti nayo ina muhtasari wake. Nilisimama pale nikakulaumu kwa kuniacha na watu hawa. Nisamehe. Baadaye nilikusomea Fatiha.

Lala salama, Mungu akupe nuru huko ulipo. Jumatatu kabla mtu hajashika kalamu nitawasomea watu karatasi juu, nitawasomea chini, kwa sauti, mpaka wazee wa nyuma wasikie. Jina lako halitakuwemo. Umeshahudhuria vya kutosha.

Namba moja nitaandika langu.

Mwanao,
Hamisi