Tembe Iliyokatwa kwa Kisu cha Viazi

Kendi mjukuu wangu,

Huku Maua tuko salama, na mvua imeshika. Ng'ombe amezaa ndama mwenye paji jeupe. Mama yako anasema ni wako.

Umeniuliza kuhusu yule mama anayetibiwa hapo unapojifunza uuguzi: vipi dawa za Ukimwi zimkatae, na hajawahi kuzimeza? Mimi sikusoma, ila nilimwona Karimi, mke wa kaka yangu Gitonga.

Miaka ya tisini dawa hizo zilikuwa za matajiri. Kaka yetu mkubwa, Mutuma, aliyeuza miraa Nairobi, alipougua alizinunua kila alipoweza, akarudi nazo nyumbani. Gitonga naye alikuwa mgonjwa, na kwetu ni aibu kula mbele ya ndugu yako bila kumkatia. Basi asubuhi, ukungu wa milima ya Nyambene ukiingia hadi jikoni, Mutuma aliweka tembe kwenye sahani na kuikata kwa kisu cha viazi. "Kula, ndugu yangu." Mpaka leo naiona sahani ile, kama inaelea.

Walituacha wote wawili. Hayo tusiyaguse.

Karimi ugonjwa ulimfikia kupitia kwa Gitonga, virusi vikiwa vimeshaizoea dawa katika zile nusu nusu zisizotosha kuviua. Dawa za bure zilipokuja, alimeza bila kukosa, akazidi kukonda. Watu wakasema anazitupa. Daktari alipombadilishia dawa, akainuka. Ndiye anayekusalimu.

Yule mama usimwulize alikosea wapi, Kendi. Labda zamani, mahali fulani, mtu alimkatia ndugu yake.

Nyanya yako