Papa, Nimemaliza na Yule Jenerali

Papa,

Nimechoka, lakini nilitaka wewe ujue kwanza. Jana nilitetea mémoire yangu, tasnifu ya kumaliza chuo, ile juu ya jenerali wa Amerika aliyechoma mashamba na nyumba za watu ili vita vya wenyewe kwa wenyewe viishe. Nimepita. Maman alilia, kisha akalala na viatu.

Unakumbuka tulivyomgombania huku Ulaya, kwenye mkahawa wa pale Flagey, kila Jumapili baada ya misa, kahawa ikipoa? Wewe, mwalimu wa historia kutoka Bukavu, ulikuwa upande wake. "Bon, alichoma," ulikuwa unasema, "lakini watumwa walitembea nyuma ya jeshi lake wakawa huru." Mimi nilimwita muuaji, basi.

Kisha Tonton, ndugu yako, akapiga simu kutoka Bukavu. Askari walikuwa wamepita, nyumba yetu imeungua, na vitabu vyako vyote. Ulikaa kitandani, kwenye chumba chetu cha Saint-Gilles, bila kuvua koti. Nilidhani sasa utakuja upande wangu. Nikaandika sura nzima upya kwa hasira, nikafuta kila jema lake. Ulisoma kurasa chache, ukanirudishia.

"Usimubadilishe muntu kwa sababu ya nyumba yangu."

Majira ya baridi hayakuisha, moyo wako ukasimama.

Donc, wale watumwa wako walioufuata uhuru niliwarudisha kwenye sura ile. Na wale wamama wa Amerika waliobaki kwenye majivu ya nyumba zao, sikuwatoa. Profesa mmoja alisema nimemhurumia jenerali mno. Mwingine alisema ninamhukumu mtu wa zamani kwa macho ya leo, halafu akauliza kama mtu wa Kivu kama mimi, kwenye vita, anaweza kumpima askari kwa haki. Nikajibu, Papa, kwamba sijui. Nimejaribu tu, na aliyenifundisha kujaribu alikuwa amechomewa nyumba. Sikutaja jina lako.

Huko kwetu nchi imebadilishwa jina. Wale askari waliopita Bukavu, redio inawaita wakombozi. Tonton anawaita vingine. Siku moja mtu atakaa chini aandike juu yao. Si mimi. Sina nguvu.

Kwenye matanga watu walisema hukuwahi kumkasirikia mtu. Niliinamisha kichwa.

Pumzika sasa. Watoto wangu wakiniuliza babu yao alikuwa mtu gani, nitawaambia ulivyokuwa unabamiza milango, na ulivyokuwa unaniombea kabla ya kila mtihani, mkono wako kichwani kwangu. Sitakupunguzia kitu, Papa. Wala sitakuongezea.

Mutoto wako,
Furaha