Tega, Toka

Jumatano, 1 Mei
Mjukuu kakosa mwenza wa mashindano ya gemu. Yule fundi simu aliyekuwa anacheza naye kapata kazi mbali. Kaniomba mimi! Tangu nivunjike mguu nashinda naye kochini, vidole vimezoea vitufe.

Nikasema tuchague majitu mawili, tuwaponde watu. Kacheka. Eti timu si kurundika nguvu, Bibi, mmoja anamfungulia mwenzake njia. Basi yeye Mkimbiaji, mimi Mama Wavu. Adui akianguka, namtupia wavu pale pale atakapoinukia. Kisha mimi nabonyeza kutoka, yeye anabonyeza kuingia. Adui bado anahangaika na wavu, hajui kipigo kinatoka juu au chini. Kazi yangu maneno mawili: tega, toka. Nimeiweza – nani kasema mzee hafundishiki?

Jumamosi, 4 Mei
Tumefungwa. Sitaki kuandika.

Jumapili, 5 Mei
Naandika, maana limenikaa kooni.

Mechi ya kwanza tulishinda, ukumbi ukapiga makofi. Ya pili, tukapangiwa ndugu wawili, vinyozi. Mkubwa wao mdomo haufungi. Eti Bibi, kazi yako kutega na kukimbia tu, ngumi huna? Damu ikanipanda. Mpiganaji wake kaanguka, nikatupa wavu – nikabaki! Nilitaka nimzabe mwenyewe. Mjukuu ananong'ona: Bibi toka, toka Bibi. Wapi! Mama Wavu ana mikono mifupi, na akianza kupiga wavu unayeyuka. Kinyozi kainuka, kanimaliza. Mkimbiaji kaingia peke yake, hana wavu, hana mtu. Wakamkung'uta.

Kufungwa si neno. Neno ni hili. Watu waliponigeukia nikapaza sauti: Huyu mtoto kachelewa kuingia! Ukumbi mzima umesikia. Wao watajuaje nani hakubonyeza? Na yeye? Kanibebea mkoba, kanishika mkono ngazini, polepole, kwa ajili ya mguu wangu.

Mvi zote hizi kichwani, jamani!

Jumatano, 8 Mei
Shikamoo Bibi asubuhi, lala salama Bibi usiku. Basi. Haniiti tena mke mwenza, hanitanii. Nimemkaangia mayai. Kwangu mimi hiyo ndiyo samahani. Kala, kashukuru, kaosha sahani.

Jioni simu yake ikalia, kaweka spika. Ni nahodha wa ile timu kubwa anayoililia miaka yote, iliyokuwa imwite kuziba nafasi yake ya mwisho. Nilikuwa nyuma ya mlango – ndiyo, nasikiliza, nyumba ni yangu. Nahodha kasikia habari za ukumbini. Anataka mtu wa kuingia upesi baada ya mtego, hataki anayechelewa.  Mjukuu kasema: Kweli, nilichelewa kidogo. Jumamosi njoo uangalie mwenyewe.

Kanisitiri! Mimi! Nimerudi kitandani bila kula. Mtoto niliyemlea kwa kumchapa akisema uongo.

Jumamosi, 11 Mei
Niko ukumbini, naandika magotini. Tulifungwa mara moja, tukifungwa tena ndiyo kwaheri. Na waliotupangia ni vinyozi wale wale! Skrini imezima, wanatafuta waya.

Nahodha kasimama nyuma yetu, mikono kifuani. Njiani nilimwambia mjukuu, leo natega natoka. Kasema haya Bibi. Haya tu.

Sasa kinyozi mkubwa kaanza: Vipi Bibi, leo mjukuu hatachelewa? Watu wamecheka. Nahodha hakucheka, kaniinamia kabisa – eti ndiyo Bibi, hebu nielezee, siku ile alichelewa wapi? Mjukuu anatazama viatu vyake.

Nikainamia daftari. Nimejifanya nina la kuandika.

Waya umepatikana. Skrini imewaka, Mama Wavu yule pale mbele, Mkimbiaji nyuma yake anasubiri. Nahodha hajaondoka. Mjukuu kaniwekea vitufe mapajani, kaninong'oneza: Bibi, si lazima.

Si lazima! Ndiyo maneno aliyoniambia mtoto niliyemsingizia. Nafunga daftari, namwambia nahodha: hakuchelewa yeye, ni mimi niliyebaki.