Pumzi Kutoka Mto Sebeya

Gisenyi, Rwanda

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi nje unaota jua, na kile kikohozi cha baridi ya Umatengo kimekuachia. Mama na mguu wake wanaendeleaje? Bado anapanda kwenda kuchuma kahawa, au amekubali kupumzika? Mimi ni mzima wa afya, ila viganja vimejaa malengelenge hata kalamu inaniteleza.

Ulipopiga simu uliniuliza kama kweli nimevuka nchi nzima kuja kulinda maji. Ndiyo, Baba. Kituo chetu cha umeme ni kidogo, kinahudumia kilima kimoja upande wa Nyakiriba. Maji ya Mto Sebeya yanaingia kwenye banio, yaani kile kizuizi kinachoyaelekeza, yanafuata mfereji, kisha yanashuka ndani ya bomba na kuzungusha mtambo, kama maji ya kwetu yalivyozungusha jiwe la kinu cha misheni babu alikopeleka ngano yake. Watu huiita nishati mpya. Mpya wapi! Hata hapa Gisenyi, kando ya ziwa kuna chemchemi za maji ya moto, na wazee wanakanda viungo vyao pale tangu enzi za mababu waliokuwa hawajui taa ni kitu gani.

Sasa nikueleze yaliyotupata. Mvua ilinyesha mfululizo, na asubuhi moja tulikuta Sebeya umejaza banio letu matope, mawe na magogo ya mikaratusi. Mtambo ukanyamaza. Barabara nayo ilikuwa imefunikwa na udongo, gari la wagonjwa lisingeweza kupita. Hapo ndipo nesi Josiane wa kituo cha afya alipopiga simu.

“Anjela, kuko mutoto hapa ana nimonia, iko ku mashine ya oksijeni. Batiri za sola zimebakiza kidogo, na jua haiko.”

Zile sola za paa la kituo chao ndizo zilikuwa zimembeba mtoto tangu mtambo usimame. Lakini mawingu yalikuwa mazito, hazikupata jua la kujaza batiri.

Mkuu wetu ni Mama Espérance, mama wa makamo aliyekulia Goma. Nilidhani ataanza kupigia wakubwa simu. Badala yake alivua viatu, akapandisha kitenge.

“Bon, sawa,” alisema, “hii matope ililetwa na maji. Sisi tutaitoa na mikono. We Anjela, ita watu.”

Nilipanda kilimani nikipiga kelele mlango kwa mlango. Baba, walikuja! Wakulima na majembe, akina mama na mabeseni, hata fundi cherehani Hamisi, ambaye hapendi kuchafua kanzu yake. Baba yake yule mtoto alikuwa katikati yetu, maji yakimfika kiunoni, anang'oa mawe. Hakuna aliyemwambia apumzike. Tulipokezana mabeseni kwa mstari mmoja, na kila mara simu yangu ilipolia mstari wote ulisimama.

“Bado?” Josiane aliuliza.

“Bado kidogo, dada. Shikilia.”

Gogo la mwisho tulilivuta kwa kamba, wote pamoja, tukaangukiana kwenye tope. Maji yakaingia mferejini, mekundu, taratibu. Nilikimbia kwenye mtambo, Mama Espérance na baba wa mtoto wakinifuata. Mama Espérance alifungua lango la bomba kidogo kidogo. Ule mtambo mzee ulikoroma, ukasita, kisha ukashika mwendo. Simu ikalia.

“Umeme iko!” Josiane alikuwa analia. “Iko, Anjela! Mutoto anapumua!”

Baba wa mtoto alikaa chini palepale, akafunika uso. Mama Espérance akakaa kando yake kwenye tope, akamshika bega. Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu mama yule siku ile.

Mtoto anaitwa Keza, amesharudi nyumbani. Jana mama yake alipita kituoni kwetu akiwa amembeba mgongoni. Aliomba aingie ndani, akageuka ili Keza auone mtambo unavyozunguka.

“Sikia, mwanangu,” alimwambia. “Ile maji ndiyo ilikuwa inakupumulisha.”

Nisalimie Mama, kaka Festo na mke wake, shangazi mfinyanzi, na majirani wote wanaoulizia habari zangu. Mungu awatunze.

Ni mimi binti yako,
Anjela